Mji Mkongwe Una Wenyewe: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Haya ni ya mgeni anayeshuka bandarini Malindi, Unguja, na mkoba mgongoni, na ni yetu sisi tunaompokea na kumtembeza. Kila upande una makosa yake, kwa hiyo kila upande utasomewa yake.

Usimfuate mtu kwa sababu amekuita rafiki. Papasi wapo pale bandarini tangu boti ya kwanza, na wengine wana maneno matamu kuliko halua. Omba kitambulisho cha muongoza watalii kinachotolewa na Kamisheni ya Utalii, kisome, linganisha picha na uso. Kisha patana kabla ya kupiga hatua: saa ngapi, mitaa gani, viingilio analipa nani. Akikwambia "tutaelewana tu", usiondoke hapo mpaka muelewane.

Vaa nguo inayositiri mabega na magoti. Hili nawaambia wageni wa Ulaya, lakini nalikazia zaidi kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao hudhani kwa kuwa wanakijua Kiswahili basi hawahusiki. Mnahusika. Mwezi wa Ramadhani usile, usinywe wala usivute sigara mchana njiani. Msikitini usiingie bila kualikwa, na milangoni mwake usijazane wakati watu wanatoka kusali.

Salimia. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na naona tangu hapo watu wameanza kuutazama kama kabati la vioo. Lakini watu wanalala humu, wanapika humu, wanaozesha na kuzika. Ile baraza ya mawe iliyojengwa na ukuta ni sebule ya mwenye nyumba, ingawa iko nje. Ukiwakuta wazee wamekaa, toa shikamoo kwanza, ndipo uulize njia au uombe nafasi ya kupumzika. Na usipandishe viatu.

Usipige picha ya mtu bila idhini yake, na dirisha la mtu ni mtu. Siku moja pale Kiponda, mgeni wangu alipenyeza simu kwenye nondo za dirisha la chini. Ndani alikuwemo bibi mmoja akichambua mchele kwenye ungo, kichwa wazi, yuko kwake. Aliposhtuka aliuinua ungo kujifunika uso, na mchele wote ukamwagika sakafuni. Nilimwomba radhi pale pale, na jioni nikarudi peke yangu kumwomba tena. Alinijibu neno moja tu: "Mwanangu, wewe si ni wa hapa?" Lile kosa lilikuwa langu, maana sikuwa nimemwonya kabla ya kuingia mtaani. Sasa naonya mwanzo, kwa sauti, na asiyekubali namrudishia pesa zake.

Pisha njia. Vichochoro vyetu vingine watu wawili wakikutana hubidi mmoja ajibanze. Hamali akipita na mkokoteni, kaa ukutani. Jeneza likipita, simama, vua kofia, nyamaza, simu mfukoni. Nimeona kundi zima likigeuka kurekodi maziko kama ngoma ya sherehe, na muongozaji wao akatabasamu. Asitabasamu. Azuie.

Sasa niwageukie wenzangu.

Usiseme usichokijua. Tunasimama mbele ya mlango wa nakshi wenye misumari ya shaba, na mtu anaeleza kwamba misumari hiyo ilikuwa ya kuwazuia tembo wasivunje mlango. Tembo gani, Shangani? Mtindo huo ulikuja na watu na mafundi wa Kihindi, na hapa kwetu misumari ni pambo na alama ya uwezo wa mwenye nyumba. Usimwoneshe mgeni nyumba tatu tofauti na kila moja ukaapa kuwa ndimo alimozaliwa Freddie Mercury. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, hilo ni kweli, na linatosha.

Eleza nyumba zilivyojengwa, kwa sababu hilo unaweza kulionesha kwa kidole. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Dari linabebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutiki. Ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu: upana unafuata boriti, urefu unafuata mfuko wa mwenyewe. Mwingize mgeni chumba kimoja, aupime upana kwa hatua zake mwenyewe, ataelewa kuliko kwa hotuba. Mwambie pia kwa nini tunalia na saruji: chokaa hupumua, saruji huuzuia unyevu ukutani mpaka mawe yanaachana. Na asiegemee wala kuchora jina. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa. Majumba haya huzeeka, na huua.

Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, ndipo ninapokuwa mkali kuliko popote.

Usipaingize pale mwisho, jua limewaka, wageni wamechoka na njaa inauma. Paweke asubuhi na upape muda. Usiruhusu mtu ajipige picha anacheka kwenye shimo lenye sanamu tano za watumwa wenye minyororo shingoni. Kazi ile ni ya Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, ya mwaka 1998, na minyororo ile ni ya kweli, ya enzi ile. Mkumbushe mgeni hilo kabla hajasogea karibu, asije akaipiga teke kujaribu uzito wake. Nimeona mtu akifanya hivyo.

Sema tarehe sawasawa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza baada ya kushinikizwa. Kanisa la Anglikana lilianza kujengwa hapo mwaka huo huo, likisimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye alizikwa nyuma ya altare. Lakini usimwache mgeni aondoke akidhani utumwa ulikwisha siku ile. Kilichopigwa marufuku ni biashara. Mtumwa wa shambani alibaki mtumwa. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka 1909. Miaka 24 kati ya 1873 na 1897 ni maisha ya mtu kuzaliwa na kuoa.

Usivitie chumvi vile vyumba viwili vya chini ya ardhi vinavyooneshwa pale kuwa vya watumwa. Jengo lililo juu yake ni la wamisionari, na walipolijenga soko lilikuwa limekwisha kufungwa. Kwa hiyo wapo wanahistoria wanaohoji kama watumwa waliwahi kufungiwa mle. Waambie wageni hivyo hivyo. Wenzangu wengine wanaogopa kwamba ukisema hivi unaipunguza dhuluma. Wapi! Watu waliuzwa mahali hapa, hilo halina shaka. Anayeongeza idadi na vilio vya kubuni ndiye anayempa mkanushaji nafasi ya kusema kwamba yote ni hadithi.

Wala usiibebeshe biashara ile kabila moja. Msafara wa kwenda bara ulikuwa na Waarabu na Waswahili, ulikuwa na Wanyamwezi wapagazi na wafanyabiashara, mtaji ulitoka kwa matajiri wa Kihindi, na wanunuzi walikuwemo Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi. Nimeshuhudia kundi la wanafunzi kutoka bara likitoka Mkunazini likiwaangalia watu wa mtaani kwa chuki. Waliambiwa nusu. Mwanafunzi mmoja wa kundi jingine aliniuliza majina ya waliouzwa pale. Nikamjibu kwamba wengi wao majina hayakuandikwa, na ukinikuta natunga jina moja, nishtaki.

Nje ya mji nitapita upesi. Kisiwani Changuu, usiwaite watu kwenda kuona gereza la watumwa. Jela ilijengwa mwaka 1893 na haikupata kufunga wahalifu. Kisiwa kikatumika kuwaweka karantini wagonjwa wa safarini. Kobe wakubwa waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Usiwapande. Jozani, usimlishe kima punju wala usimsogelee kwa ajili ya picha. Kizimkazi, nahodha akianza kuwafukuza pomboo na boti nyingine tano zikamfuata, mwambie azime mashine. Ukishindwa, mwambie arudi pwani. Msikiti wa kale wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107, na hautoroki.

Mangapwani, teremka kwa utaratibu. Chumba kile cha chini kilichongwa kwenye jiwe ili kuwaficha watumwa baada ya marufuku ya 1873. Ndiyo sababu usikitenganishe na Mkunazini.

Na mashamba ya viungo, Kizimbani na kwingineko, ndipo tunapofanya kosa baya tusilolijua. Asubuhi tunawaliza watu Mkunazini, mchana tunawavisha kofia za makuti na tai za majani ya mnazi, tunawapaka mzingefuri midomoni wakicheka. Hakuna anayetaja kwamba mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na kwamba wengi wa waliouzwa kule mjini hawakupelekwa mbali: waliletwa hapa, na Pemba, kupanda na kuchuma. Litaje. Lisemwe kabla ya mpanda mnazi kuanza kuimba, siyo baada.

Mlipe mpanda mnazi mkononi mwake, mbele ya wageni, usimpitishie kwa mtu. Usiwaache wageni wakang'oa iliki au kuchuna gome la mdalasini ovyo, shamba ni la mtu. Kama ni msimu, wapeleke kwenye majamvi karafuu zilikoanikwa. Mwekee kila mmoja karafuu chache kiganjani, azivunje, anuse. Mweleze kwamba kila moja huchumwa kwa mkono kabla ua halijafunguka, kisha nyamaza, mpe muda atazame mti ulivyo mrefu.