Dalili za Unyonyaji wa Mtoto Mfanyakazi wa Ndani

Swali: Jirani atatambuaje kwamba binti wa kazi katika nyumba ya pili ananyonywa, na achukue hatua gani?

Jibu: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, inayomtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18, humruhusu aliyetimiza miaka 14 kufanya kazi nyepesi, yaani isiyodhuru afya yake wala kumkosesha masomo. Kazi huhesabiwa kuwa ya kinyonyaji inapozidi saa 6 kwa siku, isipolingana na umri wake au ujira usipotosha, na kazi za usiku zimekatazwa.

Tathmini ya hatari, yaani kupima uwezekano wa mtoto kudhurika na uzito wa madhara yenyewe, huzitazama dalili kwa pamoja: binti anayechota maji alfajiri na kuosha vyombo usiku wa manane, ambaye mshahara wake hupokewa na aliyemleta mjini na ambaye hanyimwi simu tu bali hata ruhusa ya kuzungumza na wazazi wake, yumo katika hatari kubwa. Hata hivyo, kipigo au udhalilishaji wa kingono hauhitaji dalili ya pili.

Kumkabili mwajiri ana kwa ana hakushauriwi, kwa kuwa mtoto huweza kuhamishwa au kufichwa. Taarifa hupelekwa serikali ya mtaa au kwa afisa ustawi wa jamii. Panapokuwa na ukatili, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au simu namba 116 hutumika mara moja.