Gorogoro Mbili

Maandiko: Mithali 20:10; Mhubiri 8:11; 1 Samweli 3:11-14

Mithali 20:10 inatuambia kwamba Mungu anachukizwa na vipimo viwili. Siku ya soko hapa Mbumbuni maana yake tunaijua: mfanyabiashara ana gorogoro moja nzima ya kununulia mahindi, na nyingine iliyobonyea kitako ya kuuzia. Leo tuangalie vipimo viwili katika jambo linalogusa watoto wetu walio vyuoni, yaani pombe.

1. Sheria ipo

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tunaita Sheria ya Mututho, inakataza kumuuzia pombe mtu ambaye hajafika miaka 18. Faini ni hadi shilingi 150,000, au kifungo hadi miezi 12, au vyote viwili. Tangu ugatuzi uje, leseni za baa hutolewa na kaunti, lakini kukamata ni kazi ya polisi. Hapo katikati kila mmoja humwachia mwenzake, na kijana wa miaka 17 aliyeingia chuo mwaka huu anapita kaunta bila kuulizwa kitu.

2. Vipimo viwili humfundisha nini kijana?

Wacha nishuhudie. Nikiwa chuoni nasomea biashara, kabla sijaokoka, askari walivamia baa karibu na hosteli yetu. Tulipakiwa kwenye gari wote. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Mwenzetu wa miaka 17 alishushwa kabla hatujafika kituoni, kwa sababu mjomba wake alikuwa anajulikana. Waliokuwa na kitu kidogo wakafuata. Kijana wa mama mjane, ambaye alikuwa amekunywa soda tu, ndiye alilala ndani. Kesho yake baa ilifunguliwa kama kawaida.

Hatukujifunza kuogopa pombe. Tulijifunza kutembea na mia tano mfukoni. Darasani tungeiita gharama ya biashara. Na yule aliyeshushwa mapema, ambaye sote tulimwonea wivu, hakumaliza chuo. Pombe ilimmaliza yeye kwanza.

Mhubiri 8:11 ndiyo hiyo: adhabu ya kosa isipotekelezwa upesi, moyo wa mtu hupata ujasiri wa kutenda baya. Mwezi Julai 2025 serikali ilizindua sera inayopendekeza umri upandishwe hadi miaka 21. Ni sawa. Lakini kama 18 haiulizwi kaunta, 21 itaulizwa na nani?

3. Gorogoro ya nyumbani

Ni rahisi kulaumu askari na kaunti. Lakini tumwangalie Eli. Alijua wanawe wanakosea, hata alisema nao, lakini hakuwazuia. Wangekuwa watoto wa mtu mwingine, je, angenyamaza?

Kijana wa jirani akikutwa amelewa, tunataka chifu amfunge. Wa kwetu akikamatwa, tunapiga simu. Wengine tumekodisha vyumba sokoni, na bora kodi iingie hatuulizi kinachouzwa usiku. Simu hiyo na kodi hiyo ndiyo gorogoro iliyobonyea, ndugu zangu, na imo ndani ya nyumba za waliookoka.

Simaanishi tuwatupe watoto. Neema haimwachi aliyeanguka, lakini pia haiuzwi kwa mwenye jina.

Wiki hii tufanye haya:

- Mtoto wako akikamatwa, nenda ukasimame naye, umtafutie msaada. Usitoe hongo.
- Kama una duka au nyumba ya kukodisha, weka sharti moja kwa wote, hata kwa mtoto wa mchungaji.
- Ukijua baa inayouzia watoto, usiishie kunung'unika. Mwambie chifu, na baa hiyo inapoomba leseni peleka pingamizi kwa maandishi.

Swali la vikundi vya nyumbani: Ni nani ambaye tumemwachilia kwa sababu ni wetu, na ni nani tumemhukumu kwa sababu si wetu?

Ombi: Bwana, tupe kipimo kimoja, na uanze na nyumba yangu. Katika jina la Yesu, amina.