Harufu ya Mpira Unaoungua

Kalemie ni mji wa bandari kwenye Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Kongo. Karibu na mji huo kuna mahali panapoitwa Katanika. Watu wa Katanika huenda Kalemie kuuza, kununua na kutafuta matibabu. Wengine huenda kwa miguu, wengine kwa pikipiki, na wengine kwa motokaa.

Asubuhi moja motokaa ya mizigo iliondoka Katanika. Nyuma walikaa wachuuzi pamoja na magunia yao ya makaa na unga wa muhogo. Mbele, karibu na dereva, alikaa mama mmoja. Mtoto wake alikuwa na homa kali, naye alikuwa akimpeleka hospitali.

Hawajafika mbali, dereva alinusa harufu ya mpira unaoungua. Akasikia mlio mkali chini ya boneti. Mara taa nyekundu ya betri ikawaka mbele yake. Akaiweka motokaa kando ya njia, akazima injini.

Mchuuzi mmoja akapaza sauti: “Bwana dereva, mbona umesimama? Twende! Soko halitungoji.”

Mama hakusema neno. Alimtazama mtoto wake tu.

Dereva akamwambia: “Mama, najua una haraka. Lakini tukisimama hapa, tutachelewa kidogo. Tukiendelea bila kujua sababu ya harufu hii, huenda tusifike kabisa.” Akawaomba watu wote washuke na kukaa mbali na motokaa.

Msaidizi wake alikuwa kijana aliyejifunza kazi. Alitaka kutia mkono penye injini mara moja. Dereva akamzuia. “Ngoja, kijana. Kwanza tutazame kama kuna moshi. Kisha tutafute mahali pamoja pamoja, wala tusibahatishe.”

Hapakuwa na moshi. Wakaanza na magurudumu. Dereva akaweka kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Yote yalikuwa na joto sawasawa. Basi breki hazikushika. Wakatazama kama matairi yanasugua bodi kwa sababu ya mzigo mzito. Hayakusugua. Wakafungua boneti. Nyaya zote zilikuwa nzima, wala hapakuwa na bomba la mpira lililogusa bomba la moshi.

Mwishoni dereva akaonyesha ukanda mweusi unaozunguka magurudumu madogo yaitwayo puli. Akaubonyeza kwa kidole gumba. Ukazama sana.

“Baba, mbona upande wake wa ndani unang’aa hivi?” kijana akauliza.

“Unang’aa kwa sababu unateleza,” dereva akajibu. “Umelegea. Puli inazunguka, lakini ukanda haushiki vizuri. Kusuguana kunaleta joto, na joto linaunguza mpira. Ule mlio tuliousikia ulikuwa sauti yake.”

“Na taa nyekundu je?”

“Ukanda huu unazungusha dinamo inayotia umeme katika betri. Unazungusha pia pampu ya maji yanayopoza injini. Ukikatika, umeme hautengenezwi na maji hayazunguki. Injini itachemka na kuharibika. Hapo tungelala njiani.”

Bolti inayoshika dinamo ilikuwa imelegea. Dereva akachukua spana, akavuta dinamo nje mpaka ukanda ukanyoka, kisha akakaza bolti. Akabonyeza tena katikati ya puli mbili. Sasa ukanda ulizama kadiri ya sentimeta 1 tu. “Usikaze kupita kiasi,” akamwonya kijana, “maana beringi za dinamo na za pampu zitakufa upesi.” Akaukagua ukanda wote. Haukuwa na nyufa wala mafuta.

Injini ikawashwa. Mlio ulikwisha, na taa ikazimika. Watu wakapanda. Walipofika Kalemie, mama alishuka kwanza hospitalini, na wachuuzi wakaenda sokoni. Dereva akaenda kununua ukanda mpya, kwa sababu ukanda ulioungua hauaminiki tena.

Mpira na joto

Mpira hutoka katika utomvu mweupe wa miti. Mpira mbichi hauna nguvu: kwenye joto hulainika na kunata. Mwaka 1839, huko Marekani, Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto huwa imara. Ndiyo maana matairi na mikanda huvumilia joto la kazi. Lakini joto likizidi, mpira huungua, na salfa iliyomo huongeza ukali wa harufu yake.

Sababu nyingine za harufu hii

1. Breki iliyoshika, au breki ya mkono iliyosahauliwa. Gurudumu moja huwa na joto kuliko mengine. Breki itengenezwe kabla ya kuendelea.

2. Klachi inayoteleza. Dereva asiweke mguu juu ya klachi wakati wote.

3. Tairi lisilo na upepo wa kutosha, au linalosugua bodi. Litiwe upepo, au mzigo upunguzwe.

4. Bomba la mpira linalogusa bomba la moshi. Lifungwe mbali nalo; likiwa limeungua, libadilishwe.

5. Waya wa umeme unaoungua. Hatari hii ni kubwa kuliko zote, maana inaweza kuleta moto. Zima injini, na fundi aondoe waya wa betri.

Yakumbuke haya

Usitie mkono penye ukanda injini ikiwa inazunguka. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, kwa kuwa maji yanayochemka yataruka usoni. Petroli ikishika moto, usiimwagie maji. Watu waondoke, na moto ufunikwe kwa mchanga.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Harufu ni ufa. Bolti moja hukazwa kwa muda mfupi. Injini iliyochemka hugharimu fedha nyingi, na pengine uhai wa mtu.

Maswali

1. Ni dalili gani tatu zilizomfanya dereva asimame?

2. Kwa nini dereva hakugusa magurudumu kwa mkono?

3. Ukanda una kazi gani mbili?

4. Kuna hatari gani ukanda ukilegea? Na ukikazwa mno?

5. Mchuuzi alitaka waendelee. Kama dereva angemsikiliza, mtoto mgonjwa angepatwa na nini? Andika sentensi nne.