Mwalimu, Kalamu na Jembe

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu, katika somo la Historia, tulisimuliwa habari za Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Bwana yule, pamoja na siasa, aliandika vitabu vingi hata akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1953, na nyumbani kwake alipenda kujenga kuta za matofali kwa mikono yake mwenyewe. Mwenzetu mmoja akauliza, "Je, kwetu hakuna mtu wa namna hiyo?" Darasa lilicheka. Mimi jioni nilikwenda maktabani.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora, Makerere, na mwisho Edinburgh, alikopata shahada yake mwaka 1952. Alifundisha Pugu, akaiongoza TANU tangu ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, na mwaka uliofuata akaacha ualimu. Mambo ya Uhuru twayajua sote, sina haja ya kuyarudia.

Jambo lililonishangaza ni hili. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi changa yenye shida nyingi, alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare, akaiita *Julius Caezar*. Hakutumia vina kama washairi wetu walivyozoea, bali alifuata mistari isiyo na vina kama ilivyo katika Kiingereza. Wala hakuridhika. Mwaka 1969 kitabu kilitoka tena, kimesahihishwa hata jina lake: *Juliasi Kaizari*. Mwaka ule ule akatoa *Mabepari wa Venisi*. Hebu tulitazame neno hilo. Katika Kiingereza mchezo umepewa jina la mfanyabiashara mmoja tu. "Bepari" ni neno lililotoka Uhindini, na maana yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo ya mfanyabiashara. Lakini mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, kila mtu alijua bepari ni nani. Na Mwalimu akaliweka katika wingi! Naona siasa iliingia katika tafsiri hapo, wala sioni ubaya.

Basi hiyo ndiyo kalamu. Jembe lina habari ngumu zaidi, nasi tunaosoma hapa Iringa hatuwezi kuikwepa.

Katika *Elimu ya Kujitegemea*, Machi 1967, Mwalimu alitaka shule ziwe na mashamba, na wanafunzi wajifunze kwa kulima. (Katika shule moja niliyosoma zamani, jembe alipewa aliyechelewa namba. Nadhani hilo silo alilokusudia.) Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Huko Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa, palikuwa na wakulima wa mahindi wenye mashamba makubwa, na ugomvi wa ardhi ukawa mkali. Siku ya Krismasi mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa huko na mkulima Saidi Mwamwindi, ambaye naye alihukumiwa kunyongwa. Mei 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa hapa Iringa ikatoa tamko la "Siasa ni Kilimo", lililohimiza mbegu bora, mbolea, na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mashauri hayo ni mazuri, hata bwana shamba wetu husema vivyo hivyo. Lakini mkulima hahitaji mbegu tu. Yampasa pia kuwa na sauti juu ya shamba lake na mauzo yake. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa.

Mstari wa shairi husahihishwa kwa kalamu, na hakuna aliyeumia. Sheria je? Hapo ndipo nilipomheshimu Mwalimu zaidi. Mwaka 1984, angali Rais, alikiri mbele ya watu kwamba kuzivunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika kulikuwa makosa. Mwaka uliofuata akang'atuka, akarudi Butiama kulima na kufuga, penye maktaba yake kubwa. Kalamu hakuiweka chini: mwaka 1996 zilitoka *Tenzi za Biblia*, Injili nne na Matendo ya Mitume katika utenzi wa Kiswahili. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Wakati wa likizo nilimsomea babu yangu maandishi haya, huko Mbozi, mkoani Mbeya zamani na sasa Songwe. Amelima kahawa tangu ujana wake, na mwaka 1976 alikuwa mwanachama wa ushirika. Nilipofika pale pa makosa alininyoshea mkono ninyamaze.

"Alisema mwenyewe, au wamemsemea?"

"Alisema mwenyewe, babu."

Akakaa kimya kitambo, akiziangalia kahawa zilizoanikwa uani. "Haya, mjukuu wangu," akasema, "endelea kusoma."