Aman: Haki ya Mwenye Kukimbilia Kwetu

Katika darsa yetu ya usiku wa Jumatano, tulipokuwa tukisoma mlango wa aman katika fiqhi, ndugu mmoja mwenye tanuri la mikate aliuliza suala lililotufanya tufunge kitabu kabla ya wakati wake. Alisema: "Masheikh zetu, kwangu mna kijana aliyekimbia vita Somalia. Hana karatasi yoyote ya nchi hii. Nampa nusu ya ujira niwapao wenziwe, naye hasemi neno. Jirani zangu waniambia kuwa namfanyia hisani, kwani ningalitaka ningalimpeleka polisi. Je, niko katika kheri au niko katika dhambi?"

Usiku ule tulimjibu kwa ufupi. Lakini suala hili si la mwenye tanuri peke yake, bali ni la mji mzima, na sheria za nchi katika jambo hili zimebadilika na watu wengi hawana habari. Kwa hivyo twaonelea tulieleze kwa urefu kidogo.

Watu wetu wakisikia neno mkimbizi hudhani ni habari ya Dadaab na Kakuma, nchi za jua na vumbi zilizo mbali nasi. Wamesahau upesi! Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni na Wabarawa walishuka kwa majahazi mpaka Mombasa, watu wa lugha yetu na dini yetu na hata nasaba zetu, wakawekwa katika kambi ya Utange na nyenginezo hapa pwani mpaka kambi hizo zikafungwa. Na baada ya mauaji ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 huko Zanzibar, watu zaidi ya 2,000 wa Pemba walivuka bahari wakateremka Shimoni, kisha baadhi yao wakapelekwa Dadaab. Mpemba katika jangwa la Garissa! Basi asiseme mtu kuwa mambo haya ni ya wengine. Bahari iliyowaleta wale yaweza siku moja kutuchukua sisi.

La kustaajabisha ni kuwa kila Mfunguo Sita husomwa mbele yetu habari ya Hijra, na watu wakalia kwa mapenzi ya Mtume, kisha asubuhi yake mhajiri akibisha mlango kutafuta chumba cha kupanga, huambiwa kodi mara mbili ya ampayo mwenyeji. Twauliza: machozi yale yalikuwa ya nini?

Aman, katika istilahi ya wanazuoni, ni ahadi ya usalama apewayo mtu aliyetoka kwao akaingia kwetu, kwamba nafsi yake na mali yake havitaguswa. Asili yake ni aya ya sita ya Suratut-Tawba, ambayo Mwenyezi Mungu amemuamrisha Mtume wake kuwa mshirikina akiomba ulinzi apewe, asikilizishwe maneno ya Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa usalama. Tazama mambo mawili hapa. La kwanza, aya hii imo katika sura iliyoteremka kwa habari ya vita na washirikina waliovunja mapatano, wala ukali wa vita haukuifuta haki ya mwenye kuomba. La pili, haikutosha kumwacha asiuawe, bali ameamrishwa Mtume amfikishe penye salama. Ikiwa hii ndiyo haki ya mshirikina, basi Mkristo wa Sudan Kusini aliyeko Kakuma anayo, na ndugu yetu Mwislamu wa Kismayu anayo zaidi.

Na Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, aliionja hali ya kuomba hifadhi. Aliporudi Taif, baada ya kupigwa mawe, hakuweza kuingia Makka, mji aliozaliwa, ila chini ya ulinzi wa Mut'im bin Adiyy, naye alikuwa mshirikina. Kabla ya hapo aliwaelekeza masahaba zake Habasha kwa mfalme Mkristo. Makureshi wakawatuma Amr bin Al-As na mwenziwe wakiwa na zawadi za ngozi, wakaanza kwa kuwagawia wakuu wa dini na wa baraza, wakawataka wamshauri Najashi awatoe wale wakimbizi bila ya kusema nao. Najashi alikataa kumtoa mtu aliyemkimbilia kabla hajamsikiliza. Akawaita, Jaafar bin Abi Talib akasema, akamsomea katika Suratu Maryam, na mwisho wa jambo zawadi zikarudishwa kwa wenyewe. Twawaomba wanafunzi wetu waihifadhi nukta hii: asitolewe mtu kabla ya kusikilizwa, na rushwa isinunue shingo ya mkimbizi.

Tena aman haikuwa ya wafalme tu. Siku ya kufunguliwa Makka, Umm Hani binti Abi Talib aliwapa ulinzi watu wawili wa upande wa mumewe. Ndugu yake Ali alitaka kuwaua, na Mtume akaipitisha ahadi ya yule bibi. Ndipo wanazuoni wakasema kuwa dhima ya Waislamu ni moja, na mnyonge wao akiitoa huwafunga wote.

Mtu mwenye elimu atatupinga hapa kwa habari ya Hudaybiya, na haki yake kupinga. Atasema: je, Mtume hakumrudisha Abu Jandal? Kijana yule alikuja akiburura minyororo, Mwislamu, aliyeteswa, na baba yake Suhayl ndiye aliyekuwa akiandikiana mapatano na Mtume. Mtume alimwomba Suhayl amwachie, Suhayl akakataa, na Abu Jandal akarudishwa huku akiwalilia Waislamu. Hakuna katika sira mahali pazito kuliko hapa, na hatutaki kupapita mbio.

Twasema: hakurudishwa kwa kuwa mkimbizi hana haki. Alirudishwa kwa kuwa ahadi ilikuwa imekwisha kutolewa, na Mtume havunji ahadi hata inapomuuma. Kisha ikateremka aya ya kumi ya Suratul-Mumtahina kuwazuia Waislamu wasiwarudishe wanawake Waumini kwa makafiri, na baadaye Makureshi wenyewe wakaomba sharti lile liondolewe. Basi tazama ahadi ya leo inasemaje. Kenya iliingia mwaka 1966 katika mapatano ya Geneva ya mwaka 1951, ambayo yakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo uhai wake au uhuru wake umo hatarini. Ikaingia pia katika mapatano ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya mwaka 1969, yaliyowahesabu wakimbizi hata wale waliokimbizwa na vita na machafuko, si walioteswa mmoja mmoja tu. Na mapatano haya ya pili yalifanywa Addis Ababa, katika nchi hiyo hiyo ya Habasha. Kwa hivyo hoja ya Hudaybiya inamrudia aliyeileta. Aliyeahidi kurudisha alirudisha, na aliyeahidi kutorudisha hana ruhusa ya kurudisha.

Sasa tuje kwenye sheria ya nchi. Kwa miaka mingi siasa ya Kenya ilikuwa ni kambi: mkimbizi akae Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991, au Kakuma, ya mwaka 1992, ale posho, asitoke ila kwa ruhusa. Watoto wamezaliwa humo, wakaoa humo, wakazaa humo. Kisha, baada ya mashambulio ya Westgate mwaka 2013, serikali ikakaza mkono. Mwishoni mwa mwaka 2014 ilitungwa sheria kuwa wakimbizi wasizidi 150,000 nchi nzima, na Mahakama Kuu ikaifuta sehemu hiyo mwaka 2015. Mwaka 2016 ikatangazwa kuwa Dadaab itafungwa, na tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ikahukumu kuwa amri hiyo ni kinyume cha Katiba. Hatuwajui mahakimu wale kwa dini wala kwa kabila, ila twasema kuwa walikaa kikao cha Najashi.

Khofu ya serikali hatuidharau. Damu iliyomwagwa Westgate, na ile ya Garissa mwaka 2015, ni damu iliyoharamishwa, na waliofanya hivyo wameichafua dini yetu mbele ya jirani zetu. Lakini Mungu ametufundisha kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyengine. Mwenye kosa ashikwe yeye. Na sheria ya wakimbizi yenyewe inamtoa katika hifadhi mtu aliyefanya jinai kubwa.

Sheria mpya ilitiwa sahihi tarehe 17 Novemba 2021 na kuanza kutumika Februari 2022. Kwa mujibu wake, mtu aingiaye nchini kutaka hifadhi yampasa ajitambulishe mara moja, wala asipitishe siku 30. Hupewa karatasi, kesi yake husikilizwa, na akikataliwa anaweza kukata rufaa kwa kamati, kisha kwa Mahakama Kuu. Aliyekubaliwa ana haki ya kufanya kazi na biashara, naye huombewa kibali cha kazi cha daraja M, ambacho mkimbizi halipii ada. Walakini sheria hii bado yampa kwa mkono mmoja na kumzuia kwa wa pili, kwani yamtaka akae katika mahali palipotengwa, na akitaka kutoka apate ruhusa. Mtu aliyeruhusiwa kufanya kazi akazuiwa kwenda penye kazi, ni kama aliyeambiwa ale akafungwa mikono. Hili twalisema wazi.

Tarehe 28 Machi 2025 Rais alizindua mpango uitwao Shirika, ambao shabaha yake ni kuzigeuza kambi kuwa miji ya kawaida, mkimbizi na mwenyeji wakatumia shule moja na hospitali moja. Jina ni zuri, nasi twaliombea kheri. Lakini mwaka huo huo fedha za wafadhili zilipungua na posho ya chakula makambini ikakatwa vibaya. Na waliokuwa wakingojea kuchukuliwa Marekani walikuta mlango umefungwa, kwani Rais wa huko alisimamisha kuwapokea wakimbizi tangu Januari 2025. Mwenye njaa atatoka kambini, awe na ruhusa asiwe nayo, na njia nyingi za nchi hii huishia katika miji kama wetu. Ndiyo maana twasema jambo hili liko mlangoni petu.

Imepokewa na Bukhari hadithi kuwa Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina la Mungu kisha akakhini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyemwajiri mtu akaitimiza kazi yake asimpe ujira. Tulipoisoma hadithi hii katika darsa, tulinyamaza kidogo, kwani wote watatu wanapatikana katika jambo la mkimbizi. Mwenye kukhini ahadi tumemtaja. Mwenye kumuuza mtu huru ni yule awachukuaye watu kwa gari usiku au kwa mashua, akawafungia nyumbani mpaka jamaa zao walioko ng'ambo walipe fedha. Sheria ya mwaka 2010 ya kuzuia biashara ya watu imemwekea kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, na twawajua watu waswalio safu ya mbele walao fedha hizi. Karibu naye ni dalali wa vitambulisho, na mzee wa mtaa anayekula kiapo kuwa fulani alizaliwa mtaani kwake hali hamjui. Ushahidi wa uongo haugeuki kuwa sadaka kwa kuwa anayeshuhudiwa ni maskini. Nao wamharibia yule mkimbizi, kwani akigunduliwa hupoteza hata haki aliyokuwa nayo.

Ama wa tatu ndiye ndugu yetu mwenye tanuri. Alidhani ameepukana na dhambi kwa kuwa kijana ameridhia nusu. Twasema: ujira hutimia kwa ridhaa, ni kweli, lakini ridhaa ya mwenye khofu si ridhaa. Anayeambiwa "chukua hiki au niende polisi," hata ikiwa maneno hayo hayakutamkwa ila yajulikana na wote wawili, huyo amelazimishwa. Basi anastahili ujira wa mfano, yaani ule apewao mwenziwe anayefanya kazi kama yake katika tanuri lile lile. Kisha ampeleke mwenyewe, mchana, kwa maafisa wa wakimbizi akaandikishwe, na aandamane na mtu aijuaye sheria, kwani kijana amechelewa na atahitaji wa kumsemea. Na jirani wanaomwambia kuwa kutompeleka polisi ni hisani, wajue kuwa kuacha kumdhuru mtu si zawadi umpayo.

Jumatano iliyofuata alikuja mapema kabla ya wenziwe. Alisema kijana amekwisha kuandika jina lake na kuwa ujira umesawazishwa tangu Jumamosi. Kisha akainama akauliza: "Na miezi kumi na minne iliyopita, nayo yahesabiwa?" Tulimwambia alete daftari lake la tanuri, akae na kijana yule wahesabu pamoja, na awepo shahidi mmoja.