Vita vya Ziwa Tanganyika

Watoto, mkisimama ufuoni mwa Uvira jioni, mwaona maji yametulia na wavuvi wakishika njia ya kwenda kuvua. Lakini zamani ziwa hilo lilisikia mizinga.

Mwaka 1914 vita vikuu vilianza Ulaya, vikafika hata kwetu. Wabelgiji walitawala Kongo. Ng'ambo, Usumbura na Kigoma, walitawala Wajerumani. Mwezi wa Agosti meli ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann, iliipiga meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Tangu hapo Wajerumani wakawa mabwana wa ziwa. Na mwenye ziwa aliweza kupeleka askari ufuo wowote.

Ndipo Waingereza walipoleta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilikuwa ndogo, urefu wake kama meta 12 tu, lakini zilikwenda mbio sana. Zilitoka Afrika Kusini kwa gari moshi hadi Fungurume, Katanga. Kutoka hapo ilibidi zivuke milima ya Mitumba, wala njia haikuwapo. Nani aliitengeneza? Mamia ya wanaume Waafrika. Walikata miti, wakavunja mawe, wakajenga madaraja zaidi ya 100. Mashua zikavutwa kwa mashine za moshi, kwa ng'ombe na kwa mikono ya watu. Kisha zikapita mto Lualaba, zikafika Lukuga, ndiyo Kalemie ya leo.

Tarehe 26 Desemba 1915, siku ya pili ya Noeli, mashua hizo ziliiteka Kingani, meli ya Wajerumani. Kapteni wake aliuawa. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann nayo ikazamishwa. Ikabaki meli kubwa, Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma, isije ikatekwa. Baadaye iliinuliwa, na tangu mwaka 1927 ilichukua abiria kwa jina la Liemba. Hivyo chombo cha vita kikawa chombo cha amani.

Majina ya makapteni yameandikwa vitabuni. Majina ya wale waliojenga madaraja, karibu yote, hayakuandikwa. Wazee husema: Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ugomvi haukuwa wao, lakini jasho lilikuwa lao. Bila wao mashua zisingaliliona ziwa.

Basi, tuwaheshimu namna gani? Si kwa kusifu vita. Tukumbuke kazi yao, na tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, tuwaombee wote waliokufa, wa upande huu na wa upande ule. Mtu aliyesahauliwa na watu, Mungu humjua kwa jina lake.

Maswali
1. Kwa nini kila upande ulitaka kuwa bwana wa ziwa?
2. Mashua zilivukaje milima ya Mitumba?
3. Graf von Götzen iligeukaje kuwa chombo cha amani?
4. Waulize wazee wa kwenu: walisimuliwa nini juu ya vita hivyo? Andika sentensi tano.