Varanda ya Mbao Kapsoit: Kausha Kwanza, Ndipo Upake

Ukipita katika vijiji vya wadi ya Kapsoit utaona mbao kila mahali: varanda, ngazi za mlangoni, vibanda vya biashara, madaraja madogo ya kuvukia mitaro. Mbao hupatikana karibu, na fundi wa mtaani anazijua. Tatizo hujitokeza baada ya misimu michache ya mvua. Rangi inaambuka kama ganda la kiazi, sakafu inageuka nyeusi, na siku moja ubao unavunjika chini ya mguu wa mtoto au wa nyanya aliyebeba maji. Wengi husema walinunua rangi mbaya. Mara nyingi rangi haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba ilipakwa juu ya mbao zenye maji.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuandaa, kupaka na kutunza mbao za nje katika hali ya hewa ya kaunti yetu. Jambo kuu la kukumbuka ni hili: katika nchi ya mvua, ukavu wa ubao ni muhimu kuliko bei ya mkebe.

Kwa nini mbao huoza

Kuoza ni kazi ya kuvu. Kuvu huhitaji mambo manne: chakula, hewa, joto la wastani na maji. Chakula chake ni ubao wenyewe. Hewa na joto hatuwezi kuviondoa. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji. Kuvu wa kuozesha hawawezi kustawi ikiwa maji yaliyo ndani ya ubao hayafiki asilimia 20 ya uzito wa ubao mkavu. Yaani, ubao ambao ungekuwa na kilo 10 ukikaushwa kabisa haufai kubeba zaidi ya kilo 2 za maji.

Kwetu kiwango hicho hupitwa kwa urahisi. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea nyanda za juu na kuleta mvua ya alasiri, mara nyingi ikiambatana na mvua ya mawe. Asubuhi kuna umande. Hali hiyo inayopendwa na majani chai ndiyo hiyo hiyo inayopendwa na kuvu.

Jua nalo lina kazi yake. Tuko karibu na ikweta na karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na miale mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Miale hiyo huvunja gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao. Ubao hugeuka kijivu, hupasuka nyufa ndogo, na nyufa hizo hunywa mvua ya alasiri.

Ukipaka rangi nzito au vanishi juu ya ubao mbichi, unafungia maji ndani. Jua likipiga, maji hutafuta njia ya kutoka na kusukuma rangi hadi inavimba na kubanduka. Pale ilipobanduka, mvua huingia, lakini haitoki upesi kwa sababu rangi iliyobaki inaizuia. Hapo umewatengenezea kuvu makao.

Chagua na kukausha mbao

Tangu ukataji miti katika misitu ya umma uliposimamishwa Februari 2018 hadi tangazo la kuondoa marufuku hiyo Julai 2023, wajenzi wengi walitegemea miti ya mashambani: mkaratusi, saiprasi na grevilea. Miti hii hufaa, lakini mara nyingi hukatwa ikiwa michanga na kupigiliwa ikiwa bado mbichi kutoka kwa msumeno. Mtarakwa, ambao wazee wetu huuita tarakwet, ulisifika kwa nguzo za ua kwa sababu kiini chake hustahimili kuoza. Kumbuka kwamba ni mti wa kiasili, na haukatwi bila kibali.

Katika mti wowote, pendelea sehemu ya kiini. Sehemu nyeupe iliyo karibu na gome huoza haraka, hata kama mti wenyewe ni mgumu.

Ukishanunua mbao, zipange chini ya paa, mahali penye upepo pande zote. Ziinue kutoka ardhini kwa mawe, na kati ya kila safu na nyingine weka vijiti vya unene sawa ili hewa ipite. Ubao wa inchi moja huweza kuhitaji wiki kadhaa hadi miezi kadhaa. Kujua kama umekauka, chukua kipande na ukipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili au tatu mfululizo, ubao umefikia ukavu unaowezekana katika hewa yetu.

Fanya pia jaribio la tone. Dondoshea ubao matone machache ya maji. Yakizama ndani ya dakika chache, ubao uko tayari kupokea rangi. Yakibaki juu kama umande kwenye jani la nduma, ubao bado una maji, au bado una rangi ya zamani inayopaswa kuondolewa.

Paka kabla ya kupigilia

Mahali ambapo mvua hunyesha karibu kila alasiri, njia salama ni kupaka mbao zikiwa bado ghalani. Zipigwe randa, zikatwe kwa vipimo, kisha zipakwe pande zote nne na ncha zote mbili kabla ya kupigiliwa. Ubao uliopakwa juu peke yake hunyonya unyevu kutoka chini na kujikunja.

Usisahau ncha. Mti uliumbwa kupitisha maji kutoka mizizini hadi majanini, na mishipa hiyo hubaki wazi pale ubao ulipokatwa. Ncha hunywa maji kwa kasi mara nyingi zaidi ya ubavu. Zipake mara mbili au tatu, hadi zikatae kunywa. Kila unapokata upya wakati wa ujenzi, paka ncha hiyo kabla ya kuifunga.

Kwa sakafu ya nje, chagua rangi ya mbao inayopenya ndani, yenye mafuta na chembe za rangi. Vanishi isiyo na rangi hupendeza siku za kwanza, lakini hupitisha miale ya jua, na ikipasuka hulazimu kukwanguliwa yote. Rangi inayopenya huchakaa polepole bila kubanduka, kwa hiyo unaosha na kupaka tena.

Paka kwa brashi, ukifuata mkondo wa nyuzi, tabaka jembamba. Baada ya dakika 15 hadi 20, futa kwa kitambaa mafuta yote ambayo hayakuingia. Mafuta yanayobaki juu hunata, hushika vumbi na hukawia kukauka. Muda wa kusubiri kati ya tabaka umeandikwa kwenye mkebe. Katika baridi yetu, uongeze.

Hesabu kabla ya kwenda dukani. Varanda ya mita 3 kwa mita 2 ina eneo la mita 6 za mraba. Juu na chini ni 12, na kwa tabaka mbili ni 24, bila kuhesabu kingo. Ikiwa mkebe unasema lita moja hutosha mita 10 za mraba, utahitaji karibu lita 3 kwa mbao zilizopigwa randa. Mbao zenye mikwaruzo ya msumeno huweza kunywa maradufu. Kwa hiyo pesa ya randa haipotei.

Ikiwa sakafu tayari imejengwa

Kwanza, pima usalama. Chukua bisibisi na uchome kila ubao, hasa karibu na misumari, kwenye ncha na pale mbao zinapogusana. Bisibisi ikizama kwa ulaini, ubao huo ubadilishwe. Rangi haiponyi ubao uliooza. Huuficha tu, na huo ndio ubao unaomvunja mtu mguu.

Pili, sugua ukungu wa kijani na mweusi kwa brashi na maji ya sabuni. Ukungu sugu unaweza kuoshwa kwa bliichi ya nguo iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne, kisha usuuze vizuri. Vaa glavu, na kamwe usichanganye bliichi na dawa nyingine ya kusafishia, kwa maana mvuke wake unaweza kuua.

Tatu, acha sakafu ikauke siku kadhaa zisizo na mvua. Ikihitajika, tandaza turubai juu yake kama paa, ikiwa imeinuliwa, upepo upite chini. Anza kupaka umande ukishakauka, na uache mapema kabla ya mawingu ya alasiri. Usipake jua likiwaka moja kwa moja juu ya ubao, kwa sababu mafuta yatakauka kabla ya kupenya.

Nne, angalia mjengo wenyewe. Nguzo isimame juu ya jiwe au zege, isizikwe kwenye udongo. Kati ya ubao na ubao acha nafasi kama unene wa msumari wa inchi sita. Chini ya sakafu hewa ipite, na gata isimwagie ukingo wa varanda. Hakuna rangi itakayoshinda bomba la maji linaloelekezwa kwenye ubao kila alasiri.

Oili chafu na hatari nyingine

Wapo wanaopaka oili chafu ya gari kwa sababu ni ya bei nafuu. Tunawasihi waache. Oili hiyo haikauki vizuri, huteleza, huchafua nguo na hushika moto. Ina masalio ya metali na kemikali zenye madhara, na mvua huisafirisha hadi kwenye bustani ya mboga na kijito tunachochota maji. Ngozi ya mtoto anayetambaa kwenye varanda nayo huipokea.

Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zile zenye kijani kibichi, nyingi huwa na shaba, kromiamu na aseniki. Hufaa kwa ujenzi wa nje, lakini vipande vyake visichomwe jikoni, na vumbi lake la msumeno lisitandazwe kwenye banda la kuku.

Vitambaa vilivyofutia rangi ya mafuta vinaweza kushika moto vyenyewe vikikunjwa na kuachwa kwenye kona. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Kazi ya kila mwaka

Kwenye pwani yetu, mafundi wa vyombo vya baharini walipaka jahazi sifa, yaani mafuta ya papa, na sehemu inayokaa majini wakaipaka shahamu na chokaa. Hawakupaka mara moja na kusahau. Chombo kilivutwa ufuoni na kupakwa tena na tena, kwa sababu walijua kwamba maji hayachoki. Varanda ya Kapsoit inahitaji moyo huo huo, ingawa kalenda yake ni ya milimani.

Nunua mbao mapema na uziache zikauke chini ya paa. Kati ya Desemba na Februari, wakati mvua hupungua, paka. Mwezi Machi, kabla ya masika, zibua gata na ukaze misumari iliyochomoza. Mvua kubwa zikipita, sugua ukungu na uchome kwa bisibisi. Desemba ikirudi, dondoshea sakafu matone ya maji. Yakikaa juu, ngoja mwaka mwingine. Yakizama, toa brashi.

Asiye na uhakika kuhusu aina ya mbao au dawa anaweza kuwauliza wakufunzi wa useremala katika chuo cha ufundi kilicho karibu. Kwa kibali cha kukata mti, uliza kabla ya kuushika msumeno.